Kamera za mwendo barabarani: faini imfuate dereva au mwenye gari?

Mwalimu, Nakuru

Naleta mada hii hapa kwa sababu nimechoka kuisikia ikijadiliwa ndani ya matatu pekee, ambamo dereva ndiye mwenye redio na ndiye mwenye neno la mwisho. Je, kamera zinazopima mwendo na kumtumia mtu faini kwenye simu, bila askari kumsimamisha, zitatufaa au zitatuumiza sisi tunaoitegemea barabara ya kutoka Nakuru kwenda magharibi?

Mimi naziunga mkono. Kila siku ya kazi napita Salgaa nikienda Molo kufundisha, na sijui kilomita nyingine nchini zilizoua watu wengi kama hizi. Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa, karibu na Salgaa, na zaidi ya watu 30 wakafa. Mwezi Juni 2023, trela liliacha njia kwenye makutano ya Londiani, likawapitia wachuuzi na magari yaliyokuwa yameegeshwa, na waliokufa walizidi 50. Sheria tunazo tangu zamani: mwisho wa mwendo mijini na kwenye vituo vya biashara ni kilomita 50 kwa saa, na magari ya abiria hayaruhusiwi kuzidi 80. Marehemu John Michuki, alipokuwa waziri wa uchukuzi, alitoa kanuni za vidhibiti mwendo mwaka 2003, na kwa miezi kadhaa tulisafiri kama watu. Kisha usimamizi ukalegea, na kilichofuata mnakijua.

Wiki iliyopita nilikuwa kiti cha mbele. Gari halijasimama vizuri, utingo alikwisha kuruka chini, akamsalimia askari kwa mkono, akarudi mbio na kupiga bodi makofi mawili. Salamu yenyewe haikufika sekunde tano. Hakuna aliyeuliza kuhusu kidhibiti mwendo, ambacho waya wake ulikuwa unaning'inia karibu na goti langu. Kamera haisalimiwi kwa mkono, na kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kuitaka.

Mwenye matatu, Kisumu

Mwalimu, shikamoo ya mjadala. Ulichokiona ni kweli, lakini faini hiyo itaingia kwenye simu ya nani? Nina matatu mbili zinazokwenda Busia, na siendeshi hata moja. Kamera inasoma nambari ya gari, nambari inatoa jina langu, na mimi wakati huo niko dukani Kondele nikiuza misumari. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zinasema anayezidisha kilomita 6 hadi 10 kwa saa alipe shilingi 500, anayezidisha 11 hadi 15 alipe 3,000, na anayefika 16 hadi 20 alipe 10,000. Dereva wangu akipigwa picha mara tatu kabla ya saa sita mchana, kwangu huo ni mwezi mzima umepotea, naye jioni atanikabidhi hesabu yake, yaani kiasi cha fedha nilichompangia kwa siku, kama kawaida na kuniaga.

Kuna jambo lingine ambalo wengi wanaliona dogo. Miaka mitatu iliyopita niliuza gari dogo aina ya Probox kwa mtu wa Siaya. Tulikubaliana angebadilisha hati ya umiliki ndani ya mwezi. Hajafanya hivyo mpaka leo, na gari linaonekana likibeba watu tisa na kuku juu ya paa. Katika rekodi za serikali gari hilo bado ni langu. Nikifuatilia kila Probox iliyouzwa namna hii hapa Nyanza, tutajaza uwanja wa Moi.

Basi lililowabeba waombolezaji na kupinduka kwenye mzunguko wa Coptic hapa Kisumu mwezi Agosti 2025, wakafa zaidi ya watu 20, lilikuwa likiteremka kuingia mjini. Pale mtu hutaka kujua kwanza habari za breki na za mteremko wenyewe, na kamera haikagui breki.

Dereva wa trela, Eldoret

Nitasema machache kwa kuwa naandika nikiwa kwenye foleni ya mizani ya kupimia malori. Nionyesheni kwanza kibao cha 50 kinaanzia wapi. Vibao vya chuma huibwa vikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na vilivyobaki vimefunikwa na mabango ya wanasiasa. Zaidi ya hapo, sisi madereva tunaambizana. Askari akijificha na kamera yake nyuma ya mti, magari yanayotoka upande ule yanatuwashia taa, tunapunguza kwa mita 300, kisha tunakanyaga tena ili kufidia. Kamera ya kudumu juu ya mlingoti tutaizoea kwa wiki moja tu.

Wakili, Kakamega

Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa kila mshtakiwa haki ya kuhesabiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo, na haki ya kuupinga ushahidi. Faini inayotolewa na mashine inaweza kuishi na kifungu hicho, mradi ujumbe wa simu uwe ni tuhuma ambayo mtu anaweza kuikataa mbele ya hakimu. Ukiwa hukumu iliyokwisha kutolewa, hapo pana tatizo. Uingereza, ambako kamera hizi zimekuwapo tangu miaka ya tisini, aliyeandikishwa kama mwenye gari sharti apelekewe notisi ndani ya siku 14, naye anatakiwa kumtaja aliyekuwa akiendesha; asipomtaja, hilo ni kosa la pekee. Mzee wa Kisumu angepumua kidogo chini ya utaratibu kama huo.

Jirani zetu wa Uganda walianza kutumia mfumo wa faini za kamera mwezi Juni 2025 na kuusimamisha mwezi huohuo baada ya kelele za wenye magari, waliolalamikia ukubwa wa faini na maeneo ya kilomita 30 kwa saa ambayo hayakuwa na alama zinazoeleweka. Busia ni karibu; tusijifanye hatukusikia.

Mwalimu, Nakuru

Nimewasoma wote. Kuhusu vibao namkubalia ndugu yetu wa trela bila kubisha: pasipo na kibao, faini isiwepo. Kuhusu kukanyaga baada ya kamera, dawa yake inajulikana, nayo ni kupima mwendo wa wastani. Ziwekwe kamera mbili zilizoachana kwa kilomita 10, na gari linalotakiwa kwenda kwa 80 haliwezi kuimaliza safari hiyo chini ya dakika saba na nusu. Likifika kwa dakika sita, limevunja sheria, hata kama dereva alizipita kamera zote mbili akitambaa. Kwenye mteremko wa Salgaa ningeanza na hiyo kabla ya nyingine yoyote. Shirika la Afya Duniani linasema kila asilimia moja inayoongezeka kwenye mwendo wa wastani huongeza hatari ya ajali ya kuua kwa takriban asilimia nne, kwa hiyo hata zile kilomita tano za kuzidisha tunazozichekea zina watu ndani yake.

Ila mzee wangu wa Kisumu, kuna neno umelipitia haraka. Umesema dereva atakukabidhi hesabu yake jioni. Hesabu hiyo ni nani aliyeipanga, na inahitaji safari ngapi za Busia kwa siku? Ikiwa haifikiwi ila kwa kukimbia, basi mguu ulio kwenye pedali ni wa dereva, lakini uzito wake kwa sehemu ni wako, na sioni dhuluma iliyopo faini ikikupitia wewe kabla ya kumfikia yeye. Kwa hiyo nasema imfikie mwenye gari, apewe nafasi ya kumtaja dereva, na leseni ya dereva ndiyo ibebe rekodi.

Mwenye matatu, Kisumu

Umenipata, Mwalimu. Safari ni tatu kwenda na tatu kurudi, na siku ya mvua hazitoshi. Niliipanga hesabu hiyo wakati mafuta yalikuwa rahisi, na marejesho ya mkopo wa sacco hayajui mvua. Nikiipunguza, dereva atatulia. Nisipolipa mkopo, gari litachukuliwa na kupewa mwingine atakayeirudisha hesabu ileile. Kuhusu leseni ya dereva kubeba rekodi, hapo tumekubaliana. Jumatatu nafunga duka niende Siaya kutafuta Probox.