Mnunuzi anatuonyesha kontena la parachichi kwenye simu: data hiyo inamlinda nani?

Katibu_Kibosho

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa parachichi za Hass huku Kibosho. Juzi tulikaa na mnunuzi Moshi mjini, akatuonyesha kwenye simu ramani ya meli zikitembea, joto la ndani ya kontena, na tarehe ya kufika bandari ya Rotterdam, Uholanzi, ambayo anasema imepigwa hesabu na akili mnemba. Kwa kuwa kila kitu kinaonekana, anataka tusaini mkataba wa kulipwa kwa matunda yatakayouzika huko tu. Msimu uliopita mnunuzi mwingine alitukata pesa nyingi akidai mzigo ulifika umeshaiva, na hatukuwa na cha kumjibu. Wazee wananiuliza, nami nawauliza ninyi: tarehe na joto hilo ni vya kuaminika? Na kama ndivyo, vinatulinda sisi au vinamlinda yeye?

baharia_Tanga

Naanza na ramani, hiyo ndiyo kazi niliyoifanya. Meli zote za safari za kimataifa kuanzia tani 300 za ujazo zinatakiwa kuwa na mtambo wa AIS, sheria iliyokamilika kutekelezwa mwisho wa 2004. Mtambo unarusha jina la meli, mahali ilipo, mwendo na uelekeo, na hayo yanatoka kwenye vifaa vyenyewe. Lakini bandari inakokwenda na saa ya kufika huandikwa kwa mkono na ofisa wa melini. Wakati Wahouthi wa Yemen wakishambulia meli Bahari ya Shamu, baadhi ya meli ziliandika kwenye nafasi ya bandari maneno kama "mabaharia wote ni Wachina" ili zisipigwe. Ndiyo maana programu za sasa haziamini sana kilichoandikwa. Zinaangalia meli zilizopita njia hiyo zilitembeaje, hali ya hewa ikoje, na ngapi zimetia nanga nje ya bandari zikisubiri gati.

Kwa siku za kawaida zinakaribia ukweli. Shida ni pale dunia inapobadilika. Mashambulizi yalipoanza Novemba 2023, meli nyingi ziliacha Mfereji wa Suez zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, na kumbukumbu za miaka ya nyuma hazikuwa na msaada mkubwa. Msiweke tarehe ya simu kwenye mkataba kana kwamba ni ahadi.

mpakiaji_Njiro

Katibu, swali lako la mwisho ndilo la kushikilia. Nimefanya kazi ya kupakia makontena ya baridi hapa Arusha kwa muda mrefu, na hakuna jambo linaloniuma kama mkulima kukatwa pesa kwa kosa ambalo rekodi ingeonyesha si lake.

Kontena la baridi linajiandikia lenyewe, saa baada ya saa: joto la hewa inayopulizwa ndani na joto la hewa inayorudi kwenye mashine. Hizo ni namba mbili, na tofauti kati yake ina mengi ya kusema. Simu ya mnunuzi huenda ilikuonyesha moja. Na zote mbili ni za hewa. Joto la tunda lenyewe hazilijui. Mashine ya kontena imetengenezwa kutunza ubaridi, haina nguvu ya kupoza haraka tunda lililoingia na joto la shambani. Hass inataka nyuzi 5 au 6 hivi. Mkipakia matunda yenye nyuzi 18, hewa inayorudi itakaa juu kwa siku kadhaa, na hapo kosa ni la huku kwetu kweli. Lakini kama dereva wa lori alizima jenereta ya kontena maeneo ya Same au Mkomazi kubana dizeli, rekodi itakuwa na pengo saa hizo hizo. Joto la kule unalijua.

Akili mnemba inasaidia, sitaki kuidharau. Inaweza kuona kompresa, pampu ya mashine ya baridi, inaanza kuvuta umeme isivyo kawaida na kumwita fundi kabla haijafa, meli ikiwa katikati ya bahari. Mzigo unaokolewa hivyo. Isichokiona ni kreti zilizoachwa juani chini ya mti tangu asubuhi, au matunda yaliyochumwa kabla ya kukomaa. Hatua hizo zisipoandikwa na ninyi, mnunuzi ana rekodi ya safari nzima ya bahari na ninyi hamna kitu, na lawama huenda kwa asiye na karatasi.

Kwa hiyo anzeni kuandika: saa ya kuchuma, saa ya kuingia chumba cha baridi, joto la ndani ya tunda siku ya kupakia (lichomeni kipimajoto, msikisie kwa mkono), na picha ya namba ya kontena na lakiri yake. Mkiweza, wekeni vifaa vyenu vidogo vya kurekodi joto ndani ya katoni.

Kwenye mkataba dai rekodi nzima ya kontena, tangu kupakiwa hadi kufunguliwa, faili lenyewe na si picha ya skrini. Dai mkaguzi asiye wa mnunuzi, na siku maalumu ambazo zikipita bila malalamiko mnalipwa zote.

mdau_Himo

Dada, unachosema ni sahihi ila mnunuzi mkubwa atacheka. Kikundi cha Kibosho kina nguvu gani ya kudai faili? Hata wakubwa wenyewe kwa wenyewe wananyimana data. Kampuni ya meli ya Maersk na ile ya kompyuta ya IBM walianzisha mfumo wa TradeLens mwaka 2018 ili kampuni za meli, bandari na forodha zitumie data pamoja, na mwaka 2023 ikafungwa kwa sababu ushirikiano walioutegemea haukupatikana.

mpakiaji_Njiro

Ndugu yangu, mfano huo unanipa nguvu zaidi. Kama kampuni za namna hiyo zinaona data ni mali ya kulindwa, mkulima naye asiitoe bure. Anayesafirisha anahitaji kumbukumbu za shamba, maana wanunuzi wa Ulaya wanazitaka. Mpe za shamba, akupe za bahari.

Katibu_Kibosho

Asanteni sana. Kuna jambo sikulisema: matunda yetu yatachanganywa na ya vikundi vya Machame kwenye kontena moja. Hapo rekodi inasaidiaje?

mpakiaji_Njiro

Hilo ni kubwa kuliko yote, Katibu. Kontena la futi 40 linabeba katoni zaidi ya 5,000 za kilo nne, zikiwa kwenye paleti 20 hivi, yaani majukwaa ya kupangia katoni. Kama paleti hazina namba za kila kikundi, hasara ya mmoja itagawiwa kwa wote, na hakuna akili mnemba itakayoitenganisha. Kila paleti iwe na namba yenu, iandikwe kwenye hati ya kupakia, na ripoti ya huko itolewe kwa paleti. Mnunuzi akikataa hilo moja, msisaini malipo ya kusubiri Rotterdam. Uzeni kwa bei ya shambani mlipwe siku ya kuchuma, hata ikiwa ndogo.