Vyumba vinne vya kupokea watalii: naanza na leseni au nyota?

VyumbaVinne: Wakuu habari zenu. Nina nyumba naishi mwenyewe, ghorofani kuna vyumba vinne vimekaa tu tangu watoto waondoke, nikaona bora nipokee watalii, kulala na chai ya asubuhi basi. Sasa kila ninayemuuliza ana lake, mmoja anasema bila nyota hupokei mgeni, mwingine ananiambia achana na nyota we weka picha Airbnb watakuja wenyewe, wa tatu ndo kanitisha kabisa eti wakaguzi wakija wanafunga. Aliyepitia hii njia anieleweshe, nyota na leseni ni kitu kimoja au viwili? Na mkaguzi anaangalia nini hasa, maana mi nshanunua mashuka mapya na tivii kubwa.

Funguo_za_Akiba: Mkuu hivyo ni viwili tena usivichanganye. Leseni ndo ruhusa ya kufungua mlango, inauliza mgeni akilala kwako ataamka salama? Moto, umeme, maji, vyoo, matumizi ya jengo. Nyota zinakuja baadaye kusema wewe ni wa daraja gani, na hazifanani dunia nzima. Ufaransa hoteli inaomba nyota kwa hiari yake na ikipewa ni za miaka 5 halafu inakaguliwa upya. Marekani serikali haigawi nyota kabisa, kuna AAA, chama cha wenye magari, wao wanatoa almasi badala ya nyota. Ulaya kuna Hotelstars Union, walianza 2009 ili nyota tatu za nchi hii zilingane na za jirani, ila wamo wanachama tu. Sehemu nyingine daraja ni lazima kisheria, kwa hiyo uliza mamlaka ya utalii ya kwenu na halmashauri, usimuulize jirani.

mzee_wa_rivyu: Nyota za nini siku hizi jamani, mgeni anasoma rivyu. Hata ile Burj Al Arab ya Dubai watu wanaiita nyota saba wakati rasmi ni tano, hiyo saba ni maneno tu.

Funguo_za_Akiba: @mzee_wa_rivyu kwenye nyota sawa, ila rivyu haioni waya uliochoka ndani ya ukuta. Mgeni ataandika mashuka yananukia vizuri tano kwa tano, kitambua moshi kama kinafanya kazi hajui na hana habari.

Dada Mapokezi: Mi nilifeli ukaguzi wa kwanza nikueleze kaka yangu ujifunze bure. Nilijiandaa mapazia, maua, taulo zimekunjwa kama bata, mkaguzi hata hakuzitazama, kaenda moja kwa moja kwenye mlango wa dharura akausukuma, haufunguki, ufunguo ninao mimi mfukoni. Akauliza ukiwa umelala ufunguo uko wapi? Nikakosa jibu. Mlango wa kutokea unatakiwa ufunguke kwa ndani bila ufunguo. Halafu madirisha ya ghorofani yalikuwa na grili zimechomelewa, akasema hapa umemfungia mwizi nje na mgeni ndani. Moshi unaua kabla moto haujafika, hoteli ya MGM Grand Las Vegas iliungua 1980 wakafa watu 85, wengi ni moshi uliwakuta huko juu wakati moto wenyewe uko chini.

Kingine ni maji ya moto. Mi nilidhani ukishusha hita yakawa vuguvugu umebana umeme, kumbe vuguvugu ndo wadudu wa Legionella, wale wanaoleta ugonjwa wa mapafu, wanapenda, kuanzia nyuzi 20 hadi 45 hivi. Kwenye tanki yakae 60, bombani uweke kifaa cha kuchanganya mgeni asiungue. Na chumba kikikaa bila mgeni wiki nzima fungulia bomba na shawa maji yatiririke kabla hujampokea mtu.

mzee_wa_rivyu: Haya hapo kwenye grili nimekubali.

VyumbaVinne: Dah. Grili ninazo madirisha yote manne na zimechomelewa hivyo hivyo 😅 Asante dada. Na hii ya Airbnb, nikiwa naishi humo humo bado nahitaji leseni?

Funguo_za_Akiba: Kuishi humo kunaweza kukusaidia lakini hakukufutii. Mfano New York tangu Septemba 2023 anayepangisha chini ya siku 30 lazima ajisajili kwa jiji, awepo nyumbani mwenyewe na wageni wasizidi wawili, na mitandao hairuhusiwi kupokea bukingi ya asiyesajiliwa. Kila mji na yake. Soma na bima yako pia, bima ya nyumba ya kuishi mara nyingi haimhusu mgeni anayelipa, hilo wengi wanalijua siku mtu kateleza bafuni.

Dada Mapokezi: Na ile tivii kama risiti unayo rudisha, ununue vitambua moshi na mitungi ya kuzimia moto. Grili usizing'oe, mwambie fundi azitie bawaba na komeo la ndani.

VyumbaVinne: Fundi nshampigia, anakuja Jumamosi. Tivii mke wangu kagoma isirudi.