MREJESHO: Wikiendi yetu Nairobi kutoka Arusha

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kama Jumamosi na Jumapili zinatosha mimi na mama watoto kuwatembeza wanetu Nairobi. Zinatosha, ila msitake kuona kila kitu.

Tuliondoka na kosta ya alfajiri. Mpakani Namanga mnagongewa mihuri ya nchi zote mbili kwenye jengo moja, mnaendelea.

Jumamosi yote tuliipa Makumbusho ya Taifa. Mdau aliyesema "msipite mbio" alisema kweli kabisa. Kuna mifupa ya kijana wa Turkana, binadamu wa kale wa miaka kama milioni 1.5 iliyopita, iliyopatikana 1984. Mwanangu mkubwa aliganda pale na maswali yake mpaka mhudumu akaja kutusaidia kujibu.

Jumapili asubuhi tukaingia Hifadhi ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946. Wanyama sisi wa Arusha tumewazoea, lakini twiga anatafuna majani ya mgunga huku nyuma yake maghorofa yamejipanga! Hiyo kwetu haipo.

KICC, lile jengo refu la mikutano katikati ya jiji, tuliitazama kwa nje tu, maana foleni za mjini zinakula muda vibaya. Tafuteni pa kulala karibu na mnakotaka kwenda.