Mabango ya filamu kwa chumba cha sinema nyumbani: orijino, nakala au kitambaa?

Mwanga_Hafifu
Wakuu, habari zenu. Chumba changu cha kuangalia filamu kimeisha, zimebaki kuta tu. Nataka kuweka mabango manne na nimefika njia panda: ninunue orijino mawili (yale yaliyochapwa kwa ajili ya majumba ya sinema) na kuongeza polepole, nichape nakala nne safi kwa mkupuo, au nichape kwenye kitambaa? Kuna muuzaji amenishikia orijino mawili hadi mwisho wa wiki. Mngekuwa nyie mngechukua lipi?

SautiSafi
Mkuu, hapo hujatupa cha kushika. Unatumia projekta au runinga? Kuta zina rangi gani? Mabango yanakaa ukuta wa skrini, wa pembeni au wa nyuma? Na spika ziko wapi? Bila hayo kila mtu atakujibu kuhusu chumba chake mwenyewe.

Karatasi_Kuukuu
Nami naongeza: hayo orijino ni ya nchi gani, mwaka gani, vipimo gani? Yamekunjwa au yameviringishwa? Yamechapwa upande mmoja au pande mbili? Neno "orijino" kutoka kwa muuzaji peke yake halina uzito.

Mwanga_Hafifu
Samahanini. Projekta. Kuta ni kijivu kilichokolea, mabango yatakaa kuta za pembeni. Mabango yote ni ya Marekani, inchi 27 kwa 40, moja la 1978 na jingine la 1994. Yote yameviringishwa, hayana mkunjo hata mmoja.

Karatasi_Kuukuu
La 1994 linaweza kuwa sawa. Liinue mbele ya taa. Mengi ya miaka hiyo yalichapwa pande mbili, nyuma ikiwa na picha ileile kinyume na kwa rangi hafifu, ili rangi zisipauke likiwekwa kwenye kisanduku cha taa pale sinema.

La 1978 linanitia wasiwasi. Wakati huo kipimo cha kawaida Marekani kilikuwa 27 kwa 41. Inchi ile ilipunguzwa miaka ya 1980. Tena mengi yalitumwa kwenye majumba ya sinema yakiwa yamekunjwa. Yaliyoviringishwa yapo, na inchi moja peke yake haitoshi kumhukumu mtu, ila mambo mawili kwa pamoja yanahitaji maelezo. Omba picha ya karibu ya ukingo wa chini. Mabango yaliyosambazwa na National Screen Service, kampuni iliyopeleka mabango kwenye sinema za Marekani, huwa na namba pale: mwaka, kisha namba ya filamu. Ukiona herufi R kabla ya mwaka, ni toleo la filamu iliporudishwa sinema. Halafu tazama maandishi madogo ya majina ya waigizaji. Nakala iliyopigwa picha kutoka bango jingine huonyesha herufi zilizovimba, kingo zake hazikati.

SautiSafi
Kama ni kuta za pembeni, mimi nasema kitambaa bila kusita. Kaa kwenye kiti chako, mtu mwingine ateleze kioo cha kujitazamia ukutani. Pale unapoiona spika ya mbele ndani ya kioo ndipo sauti inapogonga na kukurudia. Ukitundika fremu ya kioo hapo, mazungumzo ya filamu yanakuwa makali na mwelekeo wa sauti unapotea. Weka paneli ya kunyonya sauti, ya pamba ya mawe yenye unene wa sentimita 5 hadi 10, uifunike kwa kitambaa cha poliesta chenye picha yako. Kijaribu kwa kupuliza: pumzi ikipita, sauti nayo inapita. Wino uwe ule unaoingia ndani ya nyuzi, usikubali utando wa plastiki juu.

Faili liwe kubwa. Kwa inchi 27 kwa 40, nukta 150 kwa inchi ni pikseli 4050 kwa 6000. Chini ya hapo nyuso zitavurugika.

Bi_Akiba
SautiSafi, paneli ni paneli, bango ni bango. Kitambaa hakina ule ukali wa wino juu ya karatasi. Mimi ningemwambia ndugu yetu aachane kabisa na ya Marekani, atafute ya Poland ya miaka ya 1950 na 1960. Henryk Tomaszewski, Jan Lenica na wenzao hawakulazimika kuweka uso wa nyota wa filamu, walichora wazo. Bango la namna hiyo hata mtu asiyeijua filamu husimama akalitazama.

Ila kabla hujanunua chochote, jua nani atakutilia fremu. Nilikuwa na bango la Japani, ukubwa wa B2, yaani sentimita 51.5 kwa 72.8, karatasi nyembamba na nyeusi iliyokolea sana. Nililipeleka kwa fundi wa fremu nikiwa na maagizo kwenye karatasi: usigundishe, usikate. Niliporudi alikuwa amelibandika lote juu ya ubao wa povu kwa mashine ya joto, na akanionyesha kwa fahari jinsi lilivyonyooka. Kwenye kona ya juu kulikuwa na viputo viwili vya hewa. Ukingo mweupe wa chini, wenye maandishi madogo ya kampuni, haukuwepo. Aliukata ili liingie kwenye fremu aliyokuwa nayo tayari. Nilimwonyesha maagizo yangu, akasema wateja wote hupenda likinyooka. Nikalipeleka kwa mtaalamu wa kuhifadhi karatasi. Alilikagua na kuniambia kulibandua ni kuhatarisha wino wote, na kilichokatwa hakirudi. Yule fundi hakunilipa, na mpaka leo nikilitazama kifua kinanibana.

Kwa hiyo: lishikiliwe kwa vipande vya karatasi ya Kijapani na gundi ya unga wa ngano, upande wa juu tu. Nyuma kadi isiyo na asidi, na pawe na nafasi kati ya karatasi na kioo, maana unyevu ukiingia hugandisha wino kwenye kioo.

Karatasi_Kuukuu
Pole sana dada. Kukata ukingo ni uharibifu, hakuna jina jingine.

Fremu_Nyeusi
Mnasema kioo, kioo. Kwenye chumba cha projekta weka akriliki isiyong'aa, yaani plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo. Kioo cha kawaida kitakurudishia skrini nzima ukutani, kila tukio la mchana kwenye filamu utaliona mara tatu. Na fremu iwe nyeusi isiyo na mng'ao. Akriliki iwe na kinga ya miale ya UV pia, ile inayopausha rangi.

Kiti_cha_Nyuma
UV ya nini kwenye chumba kisicho na dirisha? Taa za LED karibu hazitoi UV kabisa.

Fremu_Nyeusi
Mwanga wa kawaida nao unapausha. Nyekundu na njano hutangulia, bango linabaki la kibluu. Nimeyaona mengi.

Kiti_cha_Nyuma
Basi kinga yako ya UV haisaidii kwa mwanga huo. Zima taa. Tena akriliki huvuta vumbi na kuchubuka ukiipangusa kwa kitambaa kikavu.

SautiSafi
Na zote mbili zinarudisha sauti. Ndiyo maana nasema orijino yaende ukuta wa nyuma au kwenye ukumbi wa kuingilia.

Bi_Akiba
Ukuta wa nyuma nani analiona?

Kiti_cha_Nyuma
Kuna njia ambayo hamjaitaja: yaliyochorwa kwa mkono. Ghana miaka ya 1980 na 1990, watu waliozunguka kuonyesha filamu za video waliagiza wachoraji wapake rangi za mafuta juu ya magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja. Ni kitambaa, hakihitaji kioo, na kila moja ni la pekee.

SautiSafi
Rangi ya mafuta inaziba kitambaa, sauti haipiti. Lakini nakiri ningelitaka moja.

Karatasi_Kuukuu
Hayo nayo yana nakala siku hizi, wachoraji wanachora upya kwa ajili ya wakusanyaji. Uliza lilitundikwa wapi na utafute alama za kukunjwa na kubebwa.

Mwanga_Hafifu
Asanteni wote. Muuzaji amenitumia picha ya ukingo wa chini wa lile la 1978. Namba ipo, lakini maandishi madogo siyaoni vizuri, picha ina ukungu. La 1994 lina picha kinyume nyuma. Kioo cha kujitazamia tumekiteleza leo, sehemu inapogonga sauti iko palepale nilipotaka kuweka la kwanza.

Karatasi_Kuukuu
Omba picha nyingine, na rula iwe kando ya bango.

Bi_Akiba
Na ile nafasi ya Poland bado iko wazi.