Jiko la gesi la nyama choma limeshika kutu, nipake rangi gani?

Wa_Bangwe
Habari za jioni wakuu. Jirani amehamia Dodoma kikazi, kaniachia jiko la gesi la kuchomea nyama, lile la kusimama lenye mfuniko na magurudumu, bana tatu za kutolea moto. Lilikuwa uani chini ya turubai kuukuu, masika yote yameliishia hapo. Mfuniko umebabuka nje, ndani unatoa magamba meusi, na nyavu zimeliwa na kutu. Nimeliwasha juzi: bana ya kushoto moto wa njano, ya katikati inawakia huku chini karibu na swichi na kuguruma. Nataka nichome samaki, migebuka, wikiendi hapa nje kwangu, mkaa siku hizi haushikiki. Swali ni rangi: hii ya mafuta ya kawaida itafaa?

Mtu_wa_Kasulu
Uza skrepa, rudi kwenye mkaa. Mgebuka wa gesi ni wa kuchemsha huo.

Fundi_Mwanga
Dada, huyo mwache. Na rangi iweke pembeni, ndiyo ya mwisho. Ugonjwa ni hiyo bana ya katikati, na usiliwashe tena kabla hujaitibu.

Funga mtungi, chomoa regulata, toa bana zote. Kila bana ina bomba linalopokea gesi kutoka kwenye nozeli, ile ncha yenye tundu dogo la kutolea gesi, na mdomoni pana uwazi wa kuvuta hewa. Jiko likilala, buibui huingia humo wakafuma, nyigu nao wakapiga udongo wao. Gesi ikikosa njia mbele inarudi kwenye ule uwazi na kuwakia hapo hapo, jirani na mpira. Ingiza brashi ya kuoshea chupa za mtoto, zungusha, gonga bana chini, rudia mpaka kisitoke kitu. Matundu ya juu yazibue kwa waya mwembamba, lakini usiyapanue. Ukirudishia, hakikisha mdomo wa bana umevaa nozeli sawasawa.

Moto ukibaki mkubwa wa njano wenye masizi kwenye bana zote, niambie. Kuna majiko ya nje yaliyotengenezwa kwa gesi asilia ya bomba, nozeli zake zina tundu kubwa kuliko linalotakiwa na mtungi.

Mpira nunua mpya, usibishane na mwenye duka. Kisha swichi zote zikiwa zimefungwa, fungua mtungi na upake povu la sabuni kwenye kila kiungo. Penye mapovu panavuja. Kazi hiyo ifanyie uani, maana gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kujikusanya bila wewe kuiona.

Hayo magamba meusi ndani ya mfuniko, wengi wanadhani ni rangi. Ni mafuta ya nyama yaliyoungua. Yakwangue kwa kipande cha ubao, usipake kitu humo.

Wa_Bangwe
Asante fundi, kumbe nilikuwa nacheza na bomu. Wifi yangu Ujiji anapika sabuni ya mawese, kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, ipo nyumbani. Nilowekee mfuniko? Na nyavu nizipake mawese zisishike kutu tena?

Fundi_Mwanga
Weka sumaku kwanza. Isiposhika, huenda mfuniko ni aluminiamu, na kostiki inaitafuna huku ikitoa hewa inayolipuka. Hata ikishika, magadi, maji ya moto na steelwire vinatosha. Kostiki mwachie wifi na glavu zake.

Nyavu, kama ni za chuma kizito cha kumimina, piga brashi ya waya, osha, kausha juu ya moto. Paka mafuta ya alizeti kiduchu, kisha yafute kama vile hukutaka kupaka. Funika, washa mpaka moshi uishe, rudia. Mawese hayakauki vizuri yakawa ngozi, yanabaki kunata. Hayo mpake mgebuka.

Mtu_wa_Kasulu
Kazi yote hiyo kwa chuma kilichokufa?

Fundi_Mwanga
Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika ilizamishwa 1916, ikaopolewa 1924, na injini zikapona kwa sababu Wajerumani walizipaka grisi kabla ya kuizamisha. Hili nalo lina grisi yake, ya mbuzi. Ila dada, bana ikiwa imeoza mpaka imetoboka pembeni, hiyo haizibwi, tafuta nyingine.

Wa_Bangwe
Hazijatoboka, nimeangalia. Sasa rangi?

Fundi_Mwanga
Ya mafuta itaungua na kumwachia samaki wako harufu. Tafuta ya kopo la kupuliza iliyoandikwa inahimili joto, nyingi zinafika nyuzi 600. Nje tu. Msasa namba 80 kwenye kutu, umalizie na 240, futa kwa thina, pulizia nyembamba nyembamba. Mara ya kwanza liwashe moto mdogo bila chakula, litatoa harufu kali kidogo. Ni rangi inajipika.

Wa_Bangwe
Sawa fundi. Jumamosi naanza na buibui.