Daktari wa wilayani asome wapi habari za tiba zinazoaminika?

Tabibu wa Wilaya:
Wakubwa katika fani, shikamooni. Mimi ni daktari katika hospitali ya wilaya, na tuko wanne tu kwa wodi zote. Habari za tiba hunifikia zaidi kupitia makundi ya WhatsApp. Wiki iliyopita ilizunguka picha ya ukurasa wa utafiti yenye kichwa cha habari tu, bila jina la jarida wala mwaka, na kabla sijamaliza kuisoma mwenzangu mmoja alikuwa amekwishabadilisha dozi ya mgonjwa wake kwa kuifuata. Nikitafuta makala zenyewe naishia kwenye muhtasari, kisha naombwa nilipe dola ambazo posho ya zamu haiwezi kuzibeba. Je, ninyi mnasoma wapi, na mnatambuaje kwamba jambo limefikia kiwango cha kubadilisha tiba?

Mkutubi wa Tiba:
Ndugu Daktari, suala la malipo lina njia. Mpango wa Hinari, ambao Shirika la Afya Duniani na wachapishaji waliuanzisha mwaka 2002, hufungua maelfu ya majarida kwa taasisi za nchi zenye kipato kidogo, na Tanzania imo katika kundi lisilotozwa chochote. Kinachowakwamisha wengi ni kwamba anayesajiliwa ni taasisi, si mtu binafsi. Uliza kwanza kama hospitali yenu imo tayari, kwa maana nimewahi kukuta mahali ambapo neno la siri liliondoka na mtumishi aliyehamishwa, na waliobaki hawakujua kwamba waliwahi kuwa nalo. Wakati unasubiri, tumia PubMed, tovuti ya bure ya kutafutia makala za tiba, na uchague makala kamili za bure peke yake.

Daktari wa Watoto:
Naomba nijibu sehemu ya pili ya swali, ambayo kwangu ndiyo nzito zaidi. Tulifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu apewe maji mengi ya dripu kwa haraka. Mwaka 2011 utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu Muheza, ukihusisha watoto 3,141, ulionyesha kwamba katika saa 48 za mwanzo walifariki takriban asilimia 10.5 ya waliopewa maji hayo, dhidi ya asilimia 7.3 ya wasiopewa. Aliyesoma kichwa cha habari tu angeweza kuhitimisha kwamba dripu ya haraka ni hatari kwa kila mtoto, ilhali watafiti waliwaweka kando watoto wenye kuhara, wenye utapiamlo mkali na walioungua. Mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuhara, akinyimwa dripu kwa jina la utafiti huo, atakufa kwa kosa la msomaji. Kwa hiyo mimi huanza na kifungu kinachoeleza nani aliingizwa na nani aliachwa, ndipo nitazame matokeo. Kisha nalinganisha na mwongozo wa taifa wa matibabu, na vikitofautiana nalipeleka jambo hilo kwenye kikao cha asubuhi badala ya kuliamua peke yangu kitandani kwa mgonjwa.

Afisa Ufuatiliaji:
Naongeza machache. Kwa habari za milipuko, kama ule wa ugonjwa wa virusi vya Marburg uliotangazwa Kagera mwezi Machi 2023, fuateni taarifa za Wizara ya Afya na zile za milipuko za Shirika la Afya Duniani. Jarida kubwa nalo si kinga: makala ya The Lancet kuhusu dawa ya haidroksiklorokwini na UVIKO-19 ilitoka tarehe 22 Mei 2020 na kuondolewa tarehe 4 Juni, baada ya data zake kushindwa kuhakikiwa. PubMed huweka alama kwenye makala zilizoondolewa, hivyo hakuna sababu ya kutoitazama.

Tabibu wa Wilaya:
Nawashukuru sana. Mganga mfawidhi hakuwahi kuisikia Hinari, ila amekubali nijaze fomu naye aisaini. Ile makala ya kwenye picha nimeipata PubMed kwa kutafuta kichwa chake, bure kabisa. Ilihusu watu wazima. Mgonjwa wetu ana miaka 4. Dozi tumeirudisha jana jioni.