Mrejesho: binti aliyekuwa akilia akiona daftari

Wakuu, Februari niliuliza kama nimlazimishe binti yangu wa miaka minne kusoma, maana wa jirani anasoma na wangu akiona a, e, i, o, u anaangua kilio. Wengi mlisema nimsomee hadithi tu na kucheza na sauti. Nikakubali, shingo upande.

Tukawa tunapigia silabi makofi: ma-ma, ki-ti, m-tu. Hiyo "m" kupata kofi lake peke yake ilimchekesha mno.

Kufikia Agosti mambo yakaja yenyewe. Anashika kitabu bila kukigeuza juu chini, anapitisha kidole kushoto kwenda kulia huku "akisoma" maneno ya kubuni. Kwenye daladala ananiuliza, "Mama, pale pameandikwaje?" Siku alipoonyesha M kwenye pakiti ya unga akasema, "Hii ya jina langu!", nikatoa daftari. Dakika kumi tu; akichoka, tunafunga.

Jana kasoma "baba" mwenyewe. Nga na ng' bado zinamtoa jasho, ila safari hii sina haraka, hata darasa la kwanza hajafika.